Muyaka bin Haji: Maisha ya Mshairi wa Mvita na Ilhamu ya Mambo ya Kila Siku

1.0 Utangulizi

Jina la Muyaka bin Haji al-Ghassaniy si geni kwa mwanafunzi yeyote wa ushairi wa Kiswahili. Aghalabu jina hilo huandamana na kauli moja iliyozoeleka mno hata haihojiwi tena, nayo ni kwamba yeye ndiye aliyeutoa ushairi msikitini akauleta sokoni. Kauli hiyo ina ukweli ndani yake. Hata hivyo, kama zilivyo kauli nyingi zinazorudiwarudiwa, imekuwa pazia linalotuzuia kumwona mtu mwenyewe, mji alioishi na kazi aliyoifanya.

Makala haya yanakusudia kuyaeleza maisha ya Muyaka kwa kuyaweka ndani ya mji wake wa Mombasa, yaani Mvita, na kuonyesha jinsi alivyoipata ilhamu yake katika mambo ya kila siku: bahari na pepo zake, nyumba na ndoa, njaa na shibe, habari za mtaani na magomvi ya watawala. Hoja yetu kuu ni kwamba mambo hayo ya kila siku ndiyo yaliyoyapa mashairi yake uhai, na ndiyo hayo hayo yaliyoyaweka katika hatari ya kupotea. Shairi lililozaliwa na tukio la siku moja hupungukiwa na maana pindi tukio hilo linaposahauliwa na watu. Kwa sababu hiyo, maisha ya Muyaka hayawezi kuelezwa yakakoma mwaka wa kufa kwake. Hayana budi kufuatwa mpaka kwa wale waliokumbuka si beti zake tu, bali pia sababu za beti hizo. Hatutanukuu beti hapa. Nia yetu ni kueleza mazingira ambamo beti hizo zilizaliwa, ili msomaji atakapozirejea diwanini azisome kwa jicho jingine.

2.0 Mji na Watu Wake

Muyaka hukadiriwa kuwa alizaliwa mnamo mwaka 1776 na kufariki mnamo mwaka 1840. Miaka hiyo takribani sitini na minne inalingana kwa karibu na kipindi cha mwisho cha utawala wa Wamazrui mjini Mombasa, na ulinganifu huo si jambo dogo. Mshairi alizaliwa wakati mji ulipokuwa unajitawala, akakomaa wakati ulipokuwa ukipigania uhuru huo, na akaishi miaka michache baada ya uhuru huo kuondoka.

Mombasa ni kisiwa kilichozungukwa na mikono ya bahari. Katika lango la bandari yake ya kale imesimama Ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Waomani walianza kuizingira mwaka 1696, na mwaka 1698 wakaitwaa. Baadaye magavana wa ukoo wa Mazrui walikabidhiwa mji kwa niaba ya Maimamu wa Oman wa ukoo wa Yaarubi. Ukoo wa Busaidi uliposhika madaraka huko Oman katikati ya karne ya kumi na nane, Wamazrui walikataa kuutambua. Mwaka 1746 gavana Muhammad bin Uthman aliuawa ndani ya Ngome na wajumbe waliotumwa kutoka Oman, lakini ndugu yake, Ali bin Uthman, alinusurika na kuirudisha Ngome kwa msaada wa wenyeji. Tangu hapo Mombasa ikawa na dola yake yenyewe.

Neno wenyeji hapa linahitaji kufafanuliwa. Wamazrui hawakuutawala mji kwa nguvu zao peke yao. Walitawala kwa mapatano na Mataifa Kumi na Mawili ya Waswahili wa Mombasa, ambayo yaligawanyika katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni Mataifa Matatu, yaani Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. Kundi la pili ni Mataifa Tisa, ambamo wamo Wamvita, Wajomvu, Wakilifi, Wamtwapa, Wapate, Wapaza, Washaka, Wakatwa na Wagunya. Majina hayo yenyewe ni historia ya uhamaji katika mwambao, maana mengi yanataja miji ambako wazee wa mataifa hayo walitoka. Mbali na hayo, mji ulikuwa na masimulizi yake ya asili kuhusu Mwana Mkisi, malkia wa Kongowea ya kale, na Shehe Mvita aliyeuachia mji jina lake. Mtoto aliyekulia hapo alikulia ndani ya hazina ya visa vya mahali, ambamo kila mtaa ulikuwa na nasaba yake na kila nasaba ilikuwa na madai yake.

Huo ndio mji uliokuwa mada kuu ya Muyaka. Alipoutaja kwa majina yake ya Mvita, Gongwa au Kongowea, hakuutaja kama pambo la shairi. Aliutaja kama kiumbe mwenye tabia: mwenye siri, mwenye kina kama maji ambayo mgeni hathubutu kuyaingia bila kuyapima. Sifa hizo zilikuwa na kazi ya kisiasa, kwa maana wakati huo wageni wenye merikebu za vita walikuwa wengi.

3.0 Ushairi Alioukuta

Ili kuipima kazi ya Muyaka, hatuna budi kuangalia alichokikuta. Kaskazini mwa Mombasa, hasa Pate na Lamu, tayari palikuwa na utamaduni mkubwa wa ushairi ulioandikwa kwa hati za Kiarabu. Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728, ulisimulia vita vya zama za Mtume. Hamziya ilikuwa imefasiriwa katika Kiswahili cha kale. Katika maisha ya Muyaka mwenyewe, au kabla yake kwa miaka michache, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi, ambamo magofu ya Pate yamekuwa funzo juu ya upitaji wa dunia. Tungo hizo ziliegemea dini, zilikuwa ndefu, na watungaji wake walikuwa wanazuoni.

Hapa ndipo ile kauli ya msikiti na soko inapohitaji kurekebishwa. Si kweli kwamba kabla ya Muyaka watu wa mwambao hawakuwa na ushairi wa mambo ya kawaida. Walikuwa na nyimbo za arusi, za kazi, za ngoma za gungu, na tungo zilizonasibishwa na Fumo Liyongo ambazo zilisifu mwili, karamu na ushujaa. Soko, kwa maana hiyo, lilikuwa na ushairi wake kabla Muyaka hajazaliwa. Kilichokuwa nadra ni ushairi wa mambo ya kawaida wenye hadhi ya kuandikwa, kutumwa mji hadi mji, kujibiwa na kuhifadhiwa kwa jina la mtungaji. Mchango wa Muyaka ni kwamba aliyachukua mazungumzo ya barazani akayapa umbo lililoheshimika kama zilivyoheshimika tungo za dini.

Umbo hilo ni lile linaloitwa shairi katika maana yake mahususi: ubeti wa mishororo minne, kila mshororo ukiwa na mizani kumi na sita iliyogawanywa nane kwa nane, pamoja na vina vya kati na vya mwisho. Katika beti zake nyingi, kina cha mwisho cha mishororo mitatu ya kwanza hugeuka kuwa kina cha kati cha mshororo wa nne, na ubeti ukafungwa kwa sauti mpya. Mpangilio huo humpa msikilizaji hisia kwamba fikira imezunguka ikafika mwisho wake. Mashairi yake mengi ni mafupi, mengine ya ubeti mmoja tu, na ufupi huo ulifaa maudhui yake. Mtu anayezungumzia jambo lililotokea jana hahitaji beti mia mbili. Anahitaji ubeti mmoja ambao msikilizaji ataondoka nao kichwani.

Lugha yake ni Kimvita, lahaja ya mji wake, ambayo husema nti mahali pa nchi na mato mahali pa macho. Lakini si Kimvita cha mtaani kitupu. Ndani yake mna maneno ya kale yaliyoshirikiwa na washairi wa Lamu na Pate, na mna Kiarabu cha mtu aliyekuwa na elimu ya dini. Kwa hiyo hata akiwa sokoni, Muyaka hakuuacha msikiti. Maonyo yake juu ya dunia ni ya mwislamu aliyefunzwa kwamba dunia ni mapito. Tofauti yake na watangulizi wake ni kwamba hakuhitaji magofu ya kasri kulithibitisha hilo. Ulimtosha mti uliokauka, ambao mtu mzembe huuegemea asijue kwamba utamwangusha.

4.0 Ilhamu ya Kila Siku

Tukiyagawa maudhui ya Muyaka kwa mafungu, tunaona jinsi alivyoyaokota katika maisha yaliyomzunguka. Fungu la kwanza ni bahari. Maisha ya Mvita yalifuata pepo mbili. Kaskazi, ambayo huanza kuvuma mnamo Desemba, ilileta vyombo kutoka Bara Arabu na Bara Hindi. Kusi, ambayo hushika baada ya masika kuanza, ilivirudisha. Bei za vitu, arusi, safari, madeni na hata vita vilifuata kalenda hiyo. Mshairi wa mji kama huo hakuhitaji kubuni tamathali. Tanga, nanga, usukani, mwamba na mawimbi vilikuwa maneno ya kazi kabla hayajawa maneno ya sanaa. Chombo katika ushairi wa mwambao huweza kusimama mahali pa mwili wa binadamu, mahali pa mwanamke apendwaye, au mahali pa dola. Uwezo huo wa neno moja kubeba maana tatu ndio uliompa Muyaka nafasi ya kusema mengi kwa machache.

Fungu la pili ni nyumba. Muyaka alitunga juu ya ndoa, mapenzi, wivu, utengano na suluhu. Tungo hizo hazina yule mke wa mfano anayeelezwa katika tungo za mawaidha, bali zina watu wanaogombana na kupatana. Mume anaweza kulalamika, akajibiwa, akashindwa katika majibizano. Mtindo huo wa swali na jawabu ulitokana na desturi ya mazungumzo yenyewe, na ulimwezesha mtunzi kuonyesha pande mbili za jambo bila ya kutoa hukumu ya haraka.

Fungu la tatu ni tumbo. Njaa haikuwa dhana ya kifalsafa katika mji uliotegemea nafaka za kutoka bara na kutoka kisiwa cha Pemba. Wamazrui walipoipoteza Pemba mwanzoni mwa miaka ya 1820, Mombasa ilipoteza ghala lake. Msomaji wa leo anayekutana na njaa katika diwani ya Muyaka anaweza kuiona kuwa ni malalamiko ya mtu mmoja aliyekosa chakula. Lakini katika mji huo chungu kitupu jikoni na hasara iliyopatikana vitani vilikuwa habari moja. Yumkini hakuna mahali panapodhihirisha zaidi jinsi ambavyo, kwa mshairi huyu, jambo dogo la nyumbani na jambo kubwa la historia havikutenganishwa na ukuta.

Fungu la nne ni tabia za watu: urafiki na unafiki, ukarimu na ubahili, maneno na kimya. Shairi lake kuhusu kimya ni miongoni mwa yale yanayojulikana sana. Ndani yake anawatahadharisha watu wasikidharau kimya, kwani ndani yake huandaliwa mambo mazito. Lisomwapo peke yake, shairi hilo ni hekima ya jumla ambayo mzee yeyote angeweza kumpa kijana. Kwa maoni yetu, likirudishwa katika mji uliokuwa ukiwasubiri maadui waliokaa kimya ng'ambo ya bahari, hekima hiyo inakuwa ilani. Masomo yote mawili ni halali. Ubora wa shairi unatokana na kuyabeba yote mawili pasipo mojawapo kulifuta jingine.

5.0 Mshairi na Vita vya Mji

Kati ya mwaka 1810 na 1814 Mombasa iliungana na Pate dhidi ya Lamu. Majeshi yao yaliteremka Shela, na watu wa Lamu wakawashinda vibaya. Vita hivyo, vinavyojulikana pia kwa jina la Kuduhu, viliandamana na vita vingine vya maneno. Muyaka alitunga kwa upande wa Mombasa, na Zahidi Mngumi, kiongozi na mshairi wa Lamu, alitunga kwa upande wa mji wake. Tungo za pande hizo zilisafiri kwa vyombo kutoka bandari hadi bandari, zikasomwa mbele ya watu na kujibiwa. Mkusanyo wa mashairi hayo ulichapishwa mwaka 1995 na Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff, na tangu hapo mtafiti anaweza kuwasoma wapinzani hao wakiwa pamoja. Ni jambo la manufaa makubwa, kwani shairi la kujibizana likisomwa bila jawabu lake ni nusu ya mazungumzo.

Matokeo ya Kuduhu yaliibadilisha siasa ya mwambao wote. Kwa kuhofia kisasi, Lamu iliomba ulinzi wa Sayyid Said bin Sultan wa Oman, aliyetawala kuanzia 1806 hadi 1856, naye akapata mlango wa kuingilia. Mjini Mombasa gavana Ahmad bin Muhammad alifariki mwaka 1814 na nafasi yake ikashikwa na mwanawe, Abdallah bin Ahmad. Masimulizi yanaeleza kwamba Abdallah, alipotakiwa kuonyesha utii, alimpelekea Sayyid Said baruti kidogo, risasi, kibaba cha kupimia na deraya. Zawadi hiyo ilikuwa fumbo: mwenye kuutaka mji na ajiandae kwa vita. Kisa hiki kinatufundisha jambo muhimu kuhusu Muyaka. Mafumbo yake hayakuwa mchezo wa mtu mmoja mwenye kipaji. Yalikuwa lugha ya siasa ya mji, ambayo watawala waliizungumza kwa vitu na mshairi akaizungumza kwa maneno. Muyaka alikuwa karibu na watawala hao, na alizitumia tungo zake kuwasifu, kuwatia moyo na kuwahimiza.

Mambo yaliyofuata yalikwenda kwa kasi. Mnamo Februari 1824 Kapteni Owen wa jeshi la majini la Uingereza aliitangaza Mombasa kuwa chini ya ulinzi wa nchi yake, kwa kuitikia ombi la Wamazrui waliotaka kinga dhidi ya Sayyid Said. Serikali ya Uingereza haikuuridhia mpango huo, na mwaka 1826 Waingereza wakaondoka. Mwanzoni mwa mwaka 1828 Sayyid Said alifika na merikebu zake akaweka askari Ngomeni. Alipoondoka, watu wa Mombasa waliwazingira askari hao na kuwakatia chakula hadi wakatoka. Mashambulizi ya miaka iliyofuata, likiwemo lile la 1833, hayakufua dafu. Kwa miaka hiyo yote Ngome ilikuwa mbele ya macho ya kila mkazi, na kuonekana kwa tanga upande wa bahari kungeweza kuwa habari ya biashara au habari ya vita. Katika hali kama hiyo, mpaka kati ya ushairi wa mazingira na ushairi wa siasa hauwezi kuchorwa kwa urahisi.

Jambo moja halina budi kusemwa bila kificho. Muyaka hakuwa shahidi asiyeegemea upande. Alikuwa mtu wa Mombasa na sauti ya waliomlinda. Dharau yake kwa Lamu ni dharau ya kweli, na sifa zake kwa Wamazrui ni sifa za rafiki. Mwanahistoria anayezitumia tungo zake kama ushahidi hana budi kuuzingatia msimamo huo. Lakini kwa mhakiki wa fasihi, msimamo huo ni sehemu ya nguvu ya tungo zenyewe, kwa vile zilitungwa na mtu ambaye kushindwa kwa mji kungemgusa nyumbani kwake.

6.0 Mwaka 1837 na Baada Yake

Kushindwa huko kulikuja kwa njia ambayo mizinga haikuiweza. Baada ya gavana Salim bin Ahmad kufariki mwaka 1835, Wamazrui waligawanyika kuhusu urithi, na baadhi ya wazee wa mji, hasa wa Mataifa Matatu, wakapatana na Sayyid Said. Mwaka 1837 aliipata Mombasa kwa mapatano. Muda mfupi baadaye gavana Rashid bin Salim na Wamazrui wenzake kiasi cha ishirini na watano walikamatwa, wakapelekwa Bandar Abbas, na hawakurudi tena. Waliosalia walihamia Takaungu na Gazi. Ngomeni kukakaa askari wa Sayyid Said, na mji ukawa chini ya liwali wake.

Tukikubali kwamba Muyaka alifariki mnamo 1840, basi aliishi takribani miaka mitatu chini ya utawala aliokuwa ameupinga kwa tungo zake. Watu aliowasifu walikuwa wamefia uhamishoni au wametawanyika. Mataifa aliyoyahimiza yawe kitu kimoja yalikuwa yamegawanyika, na mgawanyiko huo ndio uliomfungulia adui mlango. Alichokiona Sayyid Abdallah katika magofu ya Pate, Muyaka alikishuhudia katika mji uliokuwa bado umesimama, wenye soko na misikiti iliyojaa watu. Maonyo yake juu ya ulimwengu usiofaa kuegemewa yamekuwa na uzito wa pekee kwa wasomaji wanaoijua historia hii.

Hapa pia ndipo hatari tuliyoitaja mwanzoni inapojitokeza. Mshairi wa dini huacha tungo ambazo maudhui yake yamehifadhiwa na dini yenyewe. Mshairi wa mambo ya kila siku huacha tungo zinazotegemea kumbukumbu ya watu, na Muyaka aliwaachia kumbukumbu hiyo watu walioshindwa. Alipofika J. L. Krapf mjini Mombasa mwaka 1844, waliowajua magavana wa mwisho wa Kimazrui walikuwa bado hai. Miaka arobaini baadaye walikuwa wamebaki wachache, na mashairi ya Muyaka yalikuwa yametawanyika katika vifua vya watu na katika karatasi zilizohifadhiwa majumbani.

7.0 Waliomhifadhi

Aliyeiokoa kazi hii kuliko mtu mwingine ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyefariki mwaka 1890. Yeye mwenyewe alikuwa mshairi na mjuzi wa lugha ya kale. Alishirikiana na mmisionari W. E. Taylor, aliyefanya kazi Mombasa katika miaka ya 1880 na aliyejitahidi kukijua Kimvita kwa kina. Mwalimu Sikujua hakukusanya beti tu. Alieleza pia maneno magumu, watu waliotajwa na visa vilivyozaa mashairi. Bila ya maelezo hayo, sehemu kubwa ya diwani ingekuwa leo mafumbo yasiyo na mfumbuaji. Kwa hiyo si kutia chumvi kusema kwamba Muyaka tunayemsoma ni kazi ya watu wawili: mmoja aliyetunga na mwingine aliyekumbuka.

Karatasi za Taylor zilifika London, ambako zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo cha Taaluma za Mashariki na Afrika. Mwaka 1940 William Hichens alizitumia kuitoa diwani ya Muyaka kwa hati za Kirumi, ikachapishwa na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Miongoni mwa waliomsaidia ni Mbarak Ali Hinawy wa Mombasa, aliyekuja kuwa liwali wa Pwani. Liwali aliuwakilisha katika mwambao utawala wa Sultani wa Zanzibar, yaani wa kizazi cha Sayyid Said. Hivyo mtu wa cheo kilichotokana na ushindi wa 1837 alisaidia kuihifadhi sauti ya mshairi aliyeupinga ushindi huo. Hakuna ajabu katika hilo. Baada ya miaka mia moja, Muyaka alikuwa ameshakuwa mali ya mji mzima.

Hatua ya tatu ilifikiwa mwaka 1979, Mohamed H. Abdulaziz alipotoa mjini Nairobi utafiti wake juu ya Muyaka na ushairi wa Kiswahili wa karne ya kumi na tisa, pamoja na matini na tafsiri. Kuanzia hapo Muyaka aliingia katika vyuo vikuu kama mshairi wa kuchambuliwa kwa taaluma. Wakati huo kulikuwa na ubishi mkali kuhusu mashairi huru, na watetezi wa vina na mizani walipata kwake babu wa kumtegemea. Washairi wa Mombasa kama Ahmad Nassir Juma Bhalo na Abdilatif Abdalla, ambaye Sauti ya Dhiki yake iliyochapishwa mwaka 1973 ilitungwa gerezani, walikuwa wakiuendeleza utamaduni wa Kimvita katika hali mpya. Tunadhani, hata hivyo, kwamba pande zote mbili za ubishi huo zingeweza kujifunza kwake jambo jingine. Urithi mkubwa wa Muyaka haumo katika hesabu ya mizani peke yake, bali pia katika ujasiri wa kuamini kwamba jambo la leo, la mtaa huu, linastahili umbo bora kabisa ambalo lugha inalo.

8.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba maisha ya Muyaka, mji wake na tungo zake ni mambo yasiyotenganika. Hilo linamwekea mtafiti mitego miwili. Mtego wa kwanza ni kulifanya kila shairi kuwa habari ya maisha ya mtunzi, hata akitunga juu ya njaa tukasema alilala na njaa, na akitunga juu ya talaka tukasema aliacha mke. Katika ushairi wa majibizano mtunzi huvaa sauti nyingi, na nafsi isemayo si lazima iwe nafsi yake. Mtego wa pili ni kinyume cha huo, yaani kuyang'oa mashairi katika udongo wake na kuyafanya methali za watu wote na za zama zote. Njia ya katikati ni ngumu zaidi, kwani inadai kumjua mshairi pamoja na bandari, upepo, bei ya nafaka na jina la gavana wa mwaka huo.

Kutokana na hayo, liko jukumu ambalo wanafunzi wetu wa shahada za juu wanaweza kulibeba. Mfano wa Mwalimu Sikujua unaonyesha kwamba kuhifadhi shairi bila ya kuhifadhi sababu yake ni kuhifadhi nusu yake tu. Katika miji na vijiji vyetu wamo watungaji ambao tungo zao zimerekodiwa, na huenda zikachapishwa, huku visa vilivyozizaa vikiwa vimebaki katika kumbukumbu za wazee wachache. Mtafiti anayekwenda uwandani kukusanya beti na auchukue pia wakati wa kuuliza ziliimbwa lini, aliyelengwa ni nani, na aliyejibu alijibu nini. Muyaka alibahatika kumpata mtu wa kumkumbuka namna hiyo kabla ya kizazi kilichomjua hakijamalizika. Watungaji wengi wa rika lake hawakumpata.